Vivinjari vya zamani, kikwazo kipya cha biashara ya mpakani

KIGALI, Rwanda – Mfanyabiashara mdogo wa Rwezamenyo anayeagiza viatu au vyombo vya nyumbani kupitia bandari ya Dar es Salaam, siku hizi hukutana na mpaka wa kwanza kabla mzigo wake haujaukaribia mji wa Rusumo. Mpaka huo ni kioo cha kompyuta. Ukurasa wa forodha, wa kodi au wa benki usipofunguka, mzigo hautoki bandarini, na hakuna ofisa wa kumlalamikia dirishani.

Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome, Firefox, Edge au Opera, kwa muda mrefu kilichukuliwa kuwa jambo la mafundi. Lakini nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimehamishia sehemu kubwa ya kazi ya kugomboa mizigo kwenye mtandao, na kwa hiyo suala hilo limekuwa la biashara. Anayebeba gharama zake ni yule mwenye kompyuta kuukuu kuliko wenzake.

Rwezamenyo ni mojawapo ya kata kumi za wilaya ya Nyarugenge, karibu na Nyamirambo na Biryogo, sehemu za Kigali ambako Kiswahili kimesikika madukani tangu enzi za ukoloni. Wafanyabiashara wengi wa aina hiyo hawana ofisi wala fundi wa kompyuta. Wana simu, na wana papeteri ya jirani, yaani duka la karatasi na fotokopi ambalo pia huwajazia watu fomu za serikali kwa malipo kidogo. Usalama wa biashara yao unategemea hali ya vifaa hivyo viwili.

MPAKA ULIVYOHAMIA KIGALI

Ikumbukwe kwamba mwaka 2014 nchi za Jumuiya zilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Chini ya utaratibu huo, tamko la forodha la mzigo unaokwenda Rwanda hujazwa Rwanda, na kodi hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA), wakati kontena lenyewe lingali Mombasa au Dar es Salaam. Lori huruhusiwa kuondoka bandarini baada ya idhini kutolewa kwenye mfumo.

Mfumo wa Rwanda unaitwa Dirisha Moja la Kielektroniki, kwa kifupi ReSW. Umejengwa juu ya ASYCUDA World, programu ya forodha ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo (UNCTAD). Uganda na Burundi nazo ziliichukua programu hiyo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pia, ambako inajulikana kwa jina la Kifaransa la Sydonia. Tanzania ilianzisha mfumo wake wa TANCIS mwaka 2014, na Kenya ikaja na TradeNet.

Faida za mabadiliko hayo hazina ubishi. Foleni zimepungua, na karatasi zilizokuwa zikigongwa mihuri kutoka meza hadi meza zimepungua pia. Hata hivyo, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kalamu sasa inahitaji umeme, intaneti na kivinjari kinachoelewana na mfumo. Umeme na intaneti vimezungumzwa katika kila mkutano wa mawaziri. Kivinjari hakizungumzwi, kwa kuwa kila mtu anadhani ni cha bure.

ENZI YA JAVA NA INTERNET EXPLORER

Chanzo cha tatizo kiko kwenye mifumo yenyewe. ASYCUDA World iliandikwa kwa lugha ya Java. Mifumo mingi ya serikali na mabenki duniani iliyojengwa miaka ya 2000 ilitegemea ama Java ama Internet Explorer, kwani wakati huo karibu kompyuta zote za maofisini zilikuwa za Windows na waliojenga hawakuona sababu ya kufikiria zaidi.

Kisha vivinjari vikabadilika. Septemba 2015 Google iliondoa kabisa njia ya kuendeshea Java ndani ya Chrome. Firefox ikafuata Machi 2017. Septemba 2018 Oracle, mmiliki wa Java, ilitoa toleo la 11 bila Java Web Start, kiungo kilichokuwa kikianzisha programu kutoka kwenye ukurasa wa intaneti. Juni 15, 2022 Microsoft ikakiacha kivinjari cha Internet Explorer 11 kwenye Windows 10. Sababu kubwa ilikuwa usalama: viungo hivyo vya zamani vilikuwa mlango mpana wa virusi na wezi.

Hapo ndipo mtumiaji wa kawaida alipobanwa. Mtaalamu wa usalama anamwambia aweke toleo jipya, na mfumo anaoutegemea unamwambia asiguse chochote. Njia rahisi ni kuiacha kompyuta moja na Java yake ya zamani na kivinjari chake cha zamani, ili mradi ukurasa ufunguke. Lakini ofisi ndogo haina kompyuta ya ziada. Ile ile iliyozuiwa kubadilishwa ndiyo inayofungua barua pepe, akaunti ya benki na ankara zilizotumwa kutoka Dubai au Guangzhou.

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Korea Kusini, nchi inayosifika kwa intaneti ya kasi, iliwalazimisha raia wake kwa miaka mingi kutumia Internet Explorer kulipia bidhaa na kuingia benki, kwa sababu vyeti vya utambulisho vilivyotakiwa na sheria vilitegemea kiungo cha ActiveX cha Microsoft. Vyeti hivyo vilipoteza hadhi yake ya pekee kisheria Desemba 2020. Taifa zima lilikuwa limefungwa kwenye kivinjari kimoja kwa uamuzi wa miaka ya 1990.

WINDOWS 10 NA KOMPYUTA ZA MTUMBA

Wimbi la sasa linatoka upande wa pili. Mifumo na vivinjari vinakwenda mbele, na kompyuta ndizo zinazobaki nyuma.

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha marekebisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10. Kwa watumiaji binafsi ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa makampuni bei iliyotangazwa ilikuwa dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka.

Windows 11 haiingii rasmi kwenye kila mashine. Inadai kiungo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa katika miji ya Afrika Mashariki ni za kabla ya hapo. Zinaweza kuwaka vizuri na kuchapisha vizuri, lakini hazikubaliki.

Wakati huo huo, kununua kifaa kipya kumekuwa kugumu zaidi nchini Rwanda. Mabadiliko ya kodi yaliyopitishwa na Baraza la Mawaziri Februari 2025 yalirejesha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye simu za mkononi na vifaa vya teknolojia ya habari, vilivyokuwa vimesamehewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Serikali ina haja ya mapato, na hoja hiyo inaeleweka. Lakini mfanyabiashara aliyelazimishwa na mfumo kutumia kompyuta amejikuta akitozwa zaidi kwa kompyuta hiyo, katika mwaka ule ule ambao ya zamani iliachwa bila ulinzi.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mfumo endeshi ni Windows yenyewe, na kivinjari ni programu inayokaa juu yake. Kila kimoja kina tarehe yake ya mwisho. Microsoft imesema itaendelea kukirekebisha kivinjari cha Edge kwenye toleo la mwisho la Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028. Kwa hiyo mwenye Windows 10 anaweza kuwa na kivinjari kipya juu ya msingi unaozeeka. Si salama kabisa, lakini hali yake si mbaya kama ya mwenye Windows 7. Huyo wa Windows 7 alifikia mwisho mwanzoni mwa 2023, kwa kuwa Chrome ya 109 ndiyo ya mwisho inayokubali mashine yake.

SIMU NAYO INA UMRI

Wengi hudhani kwamba simu imewaepusha na matatizo hayo. Si kweli. Kurasa za intaneti hujitambulisha kwa vyeti, na simu huvithibitisha kwa kulinganisha na orodha iliyowekwa ndani yake siku ilipotengenezwa. Septemba 30, 2021 cheti kimoja kikuu kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti kupitia shirika la Let's Encrypt kilifika mwisho wake. Vifaa vingi vya zamani vikaanza kuonyesha onyo kwamba ukurasa si salama, ingawa ukurasa wenyewe haukuwa na kasoro. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 zilitafutiwa njia ya muda, nayo ikamalizika Septemba 2024.

Madhara makubwa ya jambo hilo ni mazoea. Mtu anayeona onyo kila siku kwenye ukurasa halali hujifunza kubonyeza "endelea" bila kusoma. Siku atakapoletewa ukurasa wa matapeli wenye onyo lile lile, atabonyeza vivyo hivyo.

Aidha, kuna suala la Opera Mini, kivinjari kilichopendwa sana Afrika tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa sababu hupunguza matumizi ya data. Kinapokuwa kwenye hali yake ya kubana zaidi, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye kompyuta za kampuni ya Opera, hubanwa huko, kisha hutumwa kwenye simu. Maana yake ni kwamba mawasiliano hayafungwi moja kwa moja kati ya simu na benki, bali kuna kituo katikati. Kwa kusoma habari au kutafuta bei ya mahindi Mbale, hilo halina neno. Kwa kuingiza neno la siri la benki au la kodi, ni busara kutumia kivinjari kingine au kuizima hali hiyo.

NENO LA SIRI MIKONONI MWA MTU MWINGINE

Hatari iliyo karibu zaidi na Rwezamenyo, hata hivyo, haitoki kwa wadukuzi wa mbali. Inatokana na kifaa cha zamani kumsukuma mtu kwenye kifaa cha mwingine. Simu ikikataa kufungua ukurasa, mwenye duka huenda papeteri. Huko hutaja namba ya kitambulisho, namba ya mlipakodi na neno la siri, na kijana wa kompyuta huandika. Kivinjari kinauliza kama kihifadhi neno hilo, na mara nyingi jibu ni ndiyo, kwani mteja atarudi mwezi ujao. Nakala ya pasi ya kusafiria na ya leseni ya biashara hubaki kwenye folda moja na za wateja wengine.

Hakuna ubaya katika kusaidiwa. Irembo, lango la huduma za serikali ya Rwanda lililoanza mwaka 2015, limewategemea mawakala wa mitaani kuwafikia wasio na intaneti. Ubaya ni pale msaada unapolazimu kutoa ufunguo wenyewe. Tamko la uongo likiingizwa kwa jina la mfanyabiashara, mfumo utaonyesha kwamba ameliingiza yeye.

Sheria ipo. Rwanda ilipitisha Sheria Namba 058/2021 ya ulinzi wa data binafsi na faragha Oktoba 2021, ikatoa miaka 2 ya kujiandaa, iliyokwisha Oktoba 15, 2023. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao (NCSA). Anayeshughulikia data za watu anatakiwa kujiandikisha, na data zikivuja anatakiwa kuitaarifu mamlaka ndani ya saa 48. Faini zake za kiutawala ni kati ya faranga milioni 2 na milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka kwa kampuni. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Sheria hizo ziliandikwa zikilenga mabenki na makampuni ya simu. Duka lenye kompyuta moja na mamia ya nakala za vitambulisho nalo linashughulikia data binafsi, lakini ni vigumu kuamini kwamba mwenye duka anajiona hivyo.

FUNZO LA MAERSK

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo madogo kwa wakubwa wa biashara. Tukio la Juni 27, 2017 linawajibu. Siku hiyo virusi vya NotPetya viliingia duniani kupitia M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi iliyotumiwa na makampuni mengi nchini Ukraine. Wavamizi walikuwa wametia sumu kwenye masasisho ya programu hiyo. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake hushuka Mombasa na Dar es Salaam, ilikuwa na programu hiyo kwenye ofisi yake ya Ukraine. Shughuli zake zilisimama katika bandari mbalimbali. Mwenyekiti wake alieleza Januari 2018 kwamba walilazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 200 na 300.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, programu inayotumika kulipia kodi ni sehemu ya usalama wa nchi, na anayeitoa hawezi kusema kazi yake imekwisha ilipoanza kufanya kazi. Pili, mojawapo ya njia zilizotumiwa na virusi hivyo kuenea ilikuwa imeshazibwa na Microsoft tangu Machi 2017, miezi 3 kabla. Waliochelewa kuziba waliwasaidia wavamizi kusonga. Kwa hiyo kukataa masasisho kwa kuogopa yenye sumu si kinga.

NINI KIFANYIKE

Kwa mfanyabiashara na mwenye papeteri, zipo hatua zisizohitaji fedha nyingi. Kivinjari kiachwe kijisasishe, na kifungwe kisha kufunguliwa tena ili toleo jipya lianze kazi. Ofisi inayodai Internet Explorer ihudumiwe kwa hali maalumu iliyomo ndani ya Edge, ambayo Microsoft imeahidi kuitunza hadi angalau mwaka 2029, badala ya kubakiza Windows ya zamani. Kompyuta isiyokubali Windows 11 na inayotumika kufungua kurasa tu inaweza kuwekewa Linux au ChromeOS Flex bila malipo.

Kwenye mashine ya watu wengi, litumike dirisha la faragha, neno la siri lisihifadhiwe, na mtu atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Uthibitisho wa pili kupitia simu uwashwe kila unapopatikana. Anwani iandikwe kwa mkono: kurasa za serikali ya Rwanda huishia na .gov.rw. Ule ushauri wa zamani wa kutazama alama ya kufuli hautoshi tena. Hata matapeli hupata vyeti, na Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu waliidhania kuwa dhamana ya uaminifu.

Lakini itakuwa si haki kumwachia mwenye duka mzigo wote. Mamlaka zinazomlazimisha kutumia mfumo zinawajibika kwa mambo matatu.

La kwanza ni kutangaza mapema, na kwa lugha inayoeleweka, vivinjari na simu zinazokubalika na tarehe zitakapoachwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na maonyo ya usalama yanafaa kuandikwa kwa lugha hiyo kando ya Kinyarwanda.

La pili ni kumwezesha mfanyabiashara kumpa wakala idhini ya kazi maalumu kwa muda maalumu, wakala akiingia kwa jina lake mwenyewe. Hapo neno la siri halitakuwa na sababu ya kutolewa, na kila tamko litaonyesha nani aliliandika.

La tatu ni la Jumuiya nzima. Sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru ilikusudiwa kushughulikia mambo kama vizuizi vya barabarani na vipimo vinavyorudiwa. Ukurasa wa lazima usiofunguka kwenye kompyuta ya kawaida unachelewesha mzigo sawa na kizuizi cha barabarani, na gharama za kuhifadhi kontena hazitofautishi kati ya viwili hivyo. Unastahili kuripotiwa na kuhesabiwa katika orodha ile ile.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika Februari 2017, unazihimiza nchi kuwa na dirisha moja la forodha. Rwanda ilitangulia wengi katika hilo. Dirisha hilo litakuwa moja kwa wote pale tu litakapofunguka kwenye kompyuta ya papeteri kama linavyofunguka kwenye ya kampuni kubwa. Vinginevyo mwenye mtaji mdogo ataendelea kulipia mlango wa pili, kwa fedha na kwa siri zake.